Sadaka ya Elimu Apewe Nani?

Katika miji ya Meru na Embu, kama katika miji mingine ya nchi yetu, wamo watu wa kheri wanaokusanya fedha ili kuwasomesha watoto wa kimaskini. Ni jambo jema, wala hatulilaumu. Tunalouliza ni hili: fedha zikiwa chache na watoto wakiwa wengi, ni nani wa kutangulizwa?

Desturi iliyoenea ni kumtanguliza aliyepata alama nyingi. Kwanza huulizwa, "Amepata ngapi?" kisha ndipo huulizwa hali ya nyumba yao. Sisi twaona maswali haya yamepinduliwa. Mtoto hodari aliye maskini anayo milango mingine ya kubisha. Tangu mwaka 2010 mpango wa Wings to Fly, wa wakfu wa benki ya Equity, umekuwa ukiwachagua watoto kama huyo na kuwalipia masomo ya sekondari. Lakini yule wa alama za katikati, ambaye baba yake hana shamba, atabisha kwa nani? Ni kweli kwamba karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Lakini sare na chakula havikuondoka juu ya mzazi. Wako watoto wanaotoka shuleni kwa ajili ya viatu na sahani ya githeri.

Nenda Igembe, upande wa Maua, ukaone. Mti wa miraa wataka mwili mwepesi wa kupanda matawi ya juu bila kuyavunja, na mwili huo ni wa mvulana. Huko Mbeere, katika Embu, muguka ni kichaka kifupi, hata mtoto mdogo hukifikia akiwa amesimama chini. Malipo ni ya siku ile ile. Mwenye njaa tutamwambia nini juu ya cheti cha miaka minne ijayo?

Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na mafakiri na maskini ndio wa mwanzo. Werevu haukutajwa humo. Zaka ni haki ya mhitaji, si tuzo ya mtihani.

Huenda mwanachuoni akatujibu kwamba Imamu Nawawi, katika Al-Majmuu, amemruhusu mtafuta elimu kupewa zaka hata akiwa aweza kufanya kazi, ila akamtoa asiyetarajiwa kufaulu. Ni kweli. Lakini maneno hayo ni juu ya mtu awezaye kujichumia. Kumtia humo mtoto wa miaka 14 ni kuihalalisha ile miraa inayomtoa shuleni.

Na Imamu huyo huyo amesema kwamba mwenye ufundi apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake, bei iwe ndogo au kubwa. Mlango huu kamati nyingi hazijaufungua. Msichana aliyejifunza kushona akarudi nyumbani bila cherehani, na mvulana aliyejifunza useremala akakosa randa na msumeno, hawa hawaandiki barua za maombi, wala hawana alama za kuonyesha. Wanaowajua ni majirani na maimamu wa misikiti. Kwa hao ndiko kamati ianze kuuliza, kabla ya kufungua daftari la matokeo.