MOTOKARI YA ZAMANI: BUSARA AU MAJIVUNO?



Wako watu wanaofikiri kwamba dhamiri ina kazi kanisani na nyumbani, lakini sokoni haina neno la kusema. Mtu wa namna hii, akinunua motokari, husema: "Fedha ni yangu, nachagua nipendavyo." Je, ndivyo ilivyo?

Tuchukue mfano mmoja tuupime vizuri. Mtu anahitaji motokari ya kazi ya kila siku. Anaacha ile mpya, anachagua ya zamani iliyotengenezwa Marekani: ndefu, nzito, yenye injini kubwa mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoisukuma. Wengine humsifu kwamba ni mtu wa kiasi, ameridhika na kitu kikuukuu. Wengine humcheka kwamba anapenda makuu, anataka kutazamwa. Nani asema kweli?

Msidhani swali hili ni la watu wa Marekani peke yao. Kweli, hapa Bunia motokari za namna hiyo hazionekani sana. Njia zetu zimejaa Toyota na pikipiki. Lakini motokari nyingi zinazofika kwetu zimekwisha kutumika mahali pengine, nazo hupita Mombasa na Kampala kabla ya kufika Mahagi. Basi sisi tumezoea kuchagua kati ya iliyo ya zamani na iliyo ya zamani zaidi.

Kanisa latufundisha kwamba tendo la mtu hupimwa kwa mambo matatu: jambo lenyewe, nia ya mtendaji, na hali inayolizunguka tendo. Tuyafuate hayo matatu.

Kwanza, jambo lenyewe. Motokari ya zamani si kitu kibaya. Katika ile tunayoisema, magurudumu ya mbele hugeuka, lakini hayaisukumi motokari. Nguvu ya injini hupita katika chuma kirefu chini ya sakafu mpaka nyuma. Motokari ikipanda mlima na mzigo wake, uzito hurudi nyuma, na magurudumu ya nyuma hushika ardhi vizuri. Tena vyombo vyake vimetengana, hata fundi aweza kufungua kimoja bila kubomoa vyote. Ina udhaifu wake pia: ikiwa tupu, na udongo mwekundu ukilowa mvua, mkia wake huteleza upesi. Kule Marekani Ford Crown Victoria, iliyotengenezwa kwa mpango huo mpaka mwaka 2011, ilipendwa sana na polisi na wenye teksi, maana ilivumilia mashimo na kazi ya mchana na usiku. Kukitumia kitu cha namna hii mpaka mwisho wa nguvu zake, badala ya kukitupa, ni kuheshimu jasho la waliokiunda. Usione vyaelea, vimeundwa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alilaumu desturi ya kutumia na kutupa. Kwa hiyo jambo lenyewe halina dhambi. Laweza hata kuwa jema.

Pili, nia. Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu majivuno yana nguo nyingi. Kuna majivuno ya kitu kipya: mtu akopa fedha apate motokari inayong'aa, na watoto wake walala bila kushiba. Hayo twayajua wote. Lakini yako majivuno ya kitu cha kale. Mtu apaka rangi chuma cha mwaka 1960, apita polepole mbele ya kanisa saa ya Misa, na masikio yake yangoja sifa. Huyo hakushinda tamaa. Ameibadilisha koti tu. Yako na majivuno ya tatu, yaliyofichika zaidi: kupenda kuonekana maskini. Mtu aendesha kikuukuu ili watu waseme, "Tazameni unyenyekevu wake."

Mwezi wa saba mwaka 2013 Baba Mtakatifu Fransisko alisema na waseminari na wanovisi huko Roma. Aliwaambia kwamba humwumiza kumwona padre au mtawa akiwa na motokari ya mtindo wa mwisho. Hakukataza motokari, maana alijua ni ya lazima kwa kazi. Alishauri wachague ya hali ya chini, na tamaa ya ile ya fahari ikiwajia, wawakumbuke watoto wanaokufa kwa njaa. Tuone alivyopima: si umri wa chuma, bali kazi ya chombo na uso wa maskini. Mtakatifu Inyasi naye alifundisha kwamba vitu vya dunia tuvitumie kadiri vinavyotusaidia kulifikia kusudi letu, na kuviacha kadiri vinavyotuzuia. Shoka husifiwa kwa kukata.

Tatu, hali. Hapa ndipo wengi wenye nia njema hujikwaa, kwa kuwa kinachofaa mahali pamoja chaweza kudhuru mahali pengine. Mwaka 1964 Wamarekani walileta kundi la motokari za Mercury Comet katika mashindano ya East African Safari. Zilikuwa na nguvu nyingi na mafundi wa kutosha. Hata hivyo mbili tu zilifika mwisho. Ushindi ulichukuliwa na Ford Cortina, motokari ndogo ya Uingereza. Na miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, ilishinda Peugeot 404, ambayo wazee wetu waliijua vizuri. Hizi zote zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Tofauti haikuwa hapo. Nguvu peke yake haikuwashinda matope na mawe ya nchi hizi.

Basi, mtu wa Bunia afanye hesabu kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, aliyepaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Motokari kubwa ya Marekani mjini hunywa kama lita 15 za esansi kwa kilomita 100. Ndogo hunywa kama lita 7. Akienda kilomita 30 kwa siku, siku 25 za mwezi, hizo ni kilomita 750. Kubwa itakunywa lita 112 na nusu, ndogo lita 52 na nusu. Tofauti ni lita 60 kila mwezi. Lita hizo zinatoka mfukoni mwa nani? Pengine ni malipo ya shule ya sekondari ya mtoto mmoja. Pengine ni dawa ya mama mkwe. Tena kipuri cha Toyota fundi wetu hukipata sokoni. Cha Marekani chaweza kungojwa majuma mengi, na kumbe kikifika sicho. Yule aliyetaka kuishi kwa kiasi ameingia katika gharama kuliko tajiri.

Tena kwetu kukwama njiani si usumbufu tu. Katika miaka hii ya vita, watu wameuawa katika barabara ya Mahagi na ya Komanda. Motokari ikizimika jioni mbali na watu, abiria hawapotezi saa zao peke yake. Waweza kupoteza uhai. Kwa hiyo kuchagua chombo kisichotegemeka, kwa kupenda sura yake tu, na kuwapandisha humo watu wengine, ni jambo linaloigusa amri ya tano.

Na tuseme wazi juu ya breki. Mwaka 1965 Mmarekani Ralph Nader alitoa kitabu akiwashitaki watengenezaji wa motokari wa nchi yake kwamba waliutanguliza uzuri na faida mbele ya uhai wa watu. Mwaka uliofuata sheria ya usalama ilitungwa, na tangu mwaka 1968 motokari mpya za kule zililazimishwa kuwa na mikanda ya viti. Nyingi za kabla ya hapo zilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki: bomba likipasuka mahali pamoja, magurudumu yote manne hukosa breki. Sasa fikirini mteremko wa kutoka Bogoro kwenda Kasenyi, ambapo njia hushuka mamia ya mita mpaka kando ya ziwa Albert. Mwenye motokari asemaye, "Imeshuka hapa miaka yote, itashuka na leo," hamtegemei Mungu, anamjaribu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa breki hauachi hata nafasi ya kujenga.

Basi tutoe hukumu. Mtu wa Chicago, mwenye fundi jirani, vipuri tele na barabara ya lami, akichagua motokari yake ya zamani kwa nia safi na kuitunza, afanya busara. Mtu wa Bunia akiiga jambo hilohilo kwa macho tu, huenda akafanya upumbavu, ingawa chuma ni kilekile na nia ni ileile. Kwake yeye kiasi hicho hicho kitamwelekeza kwenye kikuukuu kingine: kidogo, kinachojulikana na fundi wa mtaa wake, kinacholishika na mapato ya nyumba yake. Mtakatifu Tomaso alifundisha kwamba busara ndiyo akili nyofu katika mambo ya kutendwa. Na mambo ya kutendwa yana mahali pake na watu wake.

Neno moja la mwisho. Tangu mwaka 2018 maelfu ya ndugu zetu waliokimbia makwao wamekuja kutafuta hifadhi Bunia, na Kigonze ni mahali pamoja walipowekwa. Siku mama wa huko anashikwa na uchungu wa kuzaa usiku, hataiuliza motokari yako mwaka wake wala nchi yake. Msamaria wa Injili alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe, na Bwana wetu hakutuambia kama mnyama huyo alikuwa mzee au kijana. Alikuwapo, akaweza kubeba, na mwenyewe akakubali kutembea kwa miguu. Mwenye motokari ajiulize kama yake yaweza kufanya hivyo usiku wa leo.