Kabla ya Kutia Sahihi: Nasaha kwa Vijana wa Waithaka

Wanangu, nasikia vikundi vyenu vya mazingira vimeanza kuitana. Wa Waithaka wanakaa na wa Mutuini, na wenzenu wa Riruta na Ngando wamealikwa. Mnataka sauti ya Dagoretti ifike kwenye sera ya taifa ya mabadiliko ya tabianchi. Vyema, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini jueni mapema kwamba ushirikiano wa mashirika huvunjika mahali pawili: pale mwananchi anaposahauliwa, na pale viti vinapoanza kugawanywa. Kenya imeyaonja yote mawili.

Mwaka 2009 mashirika ya kijamii yaliungana chini ya mwavuli wa Kenya Climate Change Working Group. Yaliusukuma mswada wa tabianchi, na Dkt. Wilber Ottichilo, wakati huo mbunge wa Emuhaya, akaubeba bungeni. Bunge likaupitisha. Mapema 2013 ukafika mezani kwa Rais Mwai Kibaki, naye akakataa kuutia sahihi. Sababu aliyotoa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

Mashirika hayakususa. Mswada uliletwa upya 2014, na Mei 2016 Rais Uhuru Kenyatta akautia sahihi. Hebu pigeni hesabu: zaidi ya miaka mitatu ilikwenda kwa sababu mwananchi wa kawaida hakusikilizwa mwanzoni.

Sheria hiyo iliunda Baraza la Kitaifa la Mabadiliko ya Tabianchi, mwenyekiti wake akiwa Rais mwenyewe. Ndani yake kuna kiti cha mashirika ya kijamii, kando ya vile vya sekta binafsi, wasomi na jamii zilizotengwa. Waliokuwa bega kwa bega wakipigania sheria wakashindwa kuelewana ni nani aketi. Mzozo ukafika mahakamani, na baraza likachelewa kwa miaka kuanza kazi.

Basi shikeni haya.

Kwanza, anzeni na mnachokijua kuliko mtu yeyote wa ofisi za Upper Hill. Mvua ikinyesha, tokeni na daftari. Andikeni tarehe, ploti ambayo maji yaliingia, maduka yaliyofungwa, na kilichoziba karavati: ni mchanga wa mjengo, ni nepi, au ni ukuta uliojengwa juu ya njia ya maji? Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Ukisimama kikaoni na kusema tu kwamba tabianchi imebadilika, watakupigia makofi na kukusahau. Ukisoma daftari, itawabidi wakujibu.

Pili, mkiitwa mjini, karatasi ya mahudhurio itapita mkono kwa mkono: jina, nambari ya simu, sahihi. Kisha chai, kisha nauli. Karatasi ile ile huweza kuambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wananchi walishauriwa. Kwa hivyo ombeni rasimu siku kadhaa kabla, muisome pamoja, muifasirie mama mboga na fundi wa pikipiki. Maoni yenu yapelekeni kwa maandishi, na msiondoke kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, andikianeni sasa, kabla pesa haijaingia: nani atasema kwa niaba yenu, kwa muda gani, ataleta ripoti lini, na ataondolewaje akianza kujisemea mwenyewe. Shirika kubwa likija na ufadhili, lipokeeni kwa heshima, lakini ajenda iandikwe na wote. Aibu ya kuulizana leo ni ndogo kuliko ya kushtakiana kesho.

Nne, msidhani sera huanzia juu tu. Isiolo walianza na kamati za wadi zilizochaguliwa na wenyeji, zikaamua zenyewe kama fedha za tabianchi ziende kwenye kisima au kwenye malisho. Makueni wakaweka kanuni za hazina yao mwaka 2015. Taifa lilijifunza kutoka kwao. Na sheria ya 2016 inazitaka kaunti ziingize suala hili katika mipango yao ya maendeleo, kwa hiyo mwakilishi wadi wenu ana la kujibu.

Mpango wa kitaifa wa utekelezaji wa masuala ya tabianchi hutengenezwa upya kila baada ya miaka mitano, na huu wa 2023 unaishia 2027. Anayengoja tangazo gazetini ndipo akusanye maoni huwa amechelewa. Kubalianeni mambo matatu tu ambayo vikundi vyote vinayataka, yatoshee ukurasa mmoja, na kila kikundi kiweke sahihi yake chini. Hiyo ndiyo sahihi ya kuanza nayo.