Tunguu Baada ya Ua Kunyauka

Katika Mitole, wilaya ya Kilwa, kiangazi ni kirefu. Tangu mwezi wa Juni hata Oktoba nchi hukauka, na mvua hungojewa mpaka Novemba au Desemba. Mvua zikikaribia, vichakani mwa nchi yetu huchomoza ua jekundu, la mviringo kama mpira, lenye vijiua vingi sana juu ya shina moja, pengine hata 200. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Mara nyingi huchanua kabla majani yake hayajakunjuka, kwa kuwa hula akiba iliyowekwa katika tunguu chini ya ardhi. (Watoto wasilichezee tunguu hilo, maana lina sumu.)

Wako wasioweza kungoja mvua. Hulichimba tunguu, hulitia katika kopo lenye udongo, na kulimwagilia maji wakati wa jua kali, ili lichanue mapema kwa ajili ya arusi au sikukuu. Huko Ulaya kazi ya namna hiyo ni biashara kubwa: matunguu ya tulipu na hiasinti huwekwa penye baridi majuma mengi, kisha huletwa chumbani penye moto, nayo huchanua huku nje kungali na theluji. Hatuoni dhambi katika hayo. Swali letu laanza siku ile ua linaponyauka.

Siku hiyo kopo halipendezi tena. Shina limelala, majani yananing'inia, na mwenye nyumba asema, Limekwisha kazi yake. Sisi wenyewe mwaka mmoja tuliyakata majani yote ili mlango wetu uwe safi, tukadhani tumelisaidia tunguu. Mwaka uliofuata halikutoa ua, ila jani moja jembamba. Tulikuwa tumeyahesabu majani kuwa mabaki ya ua, kumbe ndiyo jiko la tunguu: kwa jua na maji hupika chakula, nacho hushuka kujaza akiba iliyotumika. Ilitupasa kukata shina la ua peke yake kabla halijazaa mbegu, kuyaacha majani mpaka yageuke manjano yenyewe, na kulipa tunguu maji na samadi kidogo iliyooza. Ndipo, majani yakisha kukauka, tulinyime maji tukalilaze pakavu, lipumzike.

Mtu atasema, Nalitunza ili nipate ua mwakani. Vema. Je, lile lisiloweza kuchanua tena? Tulipu iliyokwisha kulazimishwa mara nyingi haitoi ua zuri mwaka wa pili, na katika joto la pwani yetu, pasipo baridi, hatuwezi kuitumainia. Hiasinti iliyochanua katika bilauri ya maji matupu imejila yenyewe. Wenye bustani wengi huzitupa, wala hatuwalaumu, kwani tunguu halijui uchungu. Lakini twauogopa mkono uliokwisha kuzoea kutupa. Mkono huo huo humpa yaya nauli ya kurudi kwao, baada ya kulea watoto wa nyumba mpaka mgongo wake ukapinda. Na mwimbishaji aliyepotewa na sauti huachwa nyuma ya mlango. Tena ni watu tuliowahimiza sisi, wakatoa upesi kuliko nguvu zao, kwa sababu sisi tulikuwa na haraka.

Wengine watajibu kwamba maji ni haba, huchotwa mbali, nayo ni ya watoto kwanza. Neno hili ni kweli, nasi hatulipingi. Ila hesabu hiyo yafaa ifanywe kabla ya kulichimba tunguu. Anayejua kwamba hana maji ya miezi ya majani, na aliache kichakani lichanue kwa mvua yake. Akiisha kulichimba, amejitwika miezi hiyo pia, hata kama hatapata ua jingine.

Tunguu letu lile la jani moja tulilirudisha kando ya kichaka tulikolichimba. Hata sasa hutoa majani tu, nasi twalipalilia.