Mdharau Mwiba Mguu Huota Tende

Wanangu mnaoshinda ofisini, nawausia jambo mnalolipuuza kwa kudhani ni la wazee na la wenye fedha: kukandwa mwili.

Mnasema kazi yenu si ya jembe wala ya kubeba magunia bandarini, basi mwili hauchoki. Sivyo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Ukikiinamisha mbele ya kompyuta kutwa, kisha ukaendelea kukiinamisha kwenye simu ndani ya daladala la Mbagala, misuli ya shingo na mabega ndiyo inayokishikilia. Mchukuzi hutua gunia akapumua. Wewe mzigo wako huutui. Misuli iliyokaza saa nyingi hupata damu haba, hufanya mafundo, na maumivu hupanda hadi kisogoni. Hapo mnakimbilia diklofenaki duka la dawa, na vidonge hivyo vikizoeleka hudhuru tumbo na figo.

Wazee wa pwani hawakungoja ugonjwa. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, bibi harusi husingwa, mtoto mchanga hupakwa mafuta ya nazi akanyooshwa viungo. Mcheza mpira naye huchuliwa misuli. Kwa nini mkaa kitini asubiri hadi ashindwe kugeuza shingo?

Mkono wa mkandaji hulegeza misuli, hutuliza mapigo ya moyo na kuleta usingizi. Ila nafuu yake ni ya muda, ndiyo maana nataka iwe desturi, walau mara moja kwa mwezi. Fedha zikikosekana, mke na mume wakandane nyumbani kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo. Mafuta ya karafuu yana nguvu, lakini tieni matone machache tu ndani ya yale ya nazi. Yakiwa matupu huunguza ngozi.

Sasa shikeni onyo. Kinyozi akimaliza kukunyoa akataka kuizungusha shingo mpaka ialike, mkatalie. Humo hupita mishipa ya damu iendayo ubongoni, na ikichanika hukuletea kiharusi. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, hasa baada ya safari ndefu ya basi, usikandwe: huenda damu imeganda, na bonge likichomoka huenda mapafuni. Wahi hospitali. Kadhalika mkono ukifa ganzi, mguu ukikosa nguvu au mkojo ukikataa kutoka, usimtafute mkandaji, mtafute daktari. Hospitali za Muhimbili na KCMC zina wataalamu wa fiziotherapia. Mkandaji mwema huuliza kwanza kama una presha, una mimba, au umepasuliwa karibuni. Asiyeuliza, mkimbieni.

Wala kukandwa Jumamosi hakukupi ruhusa ya kuganda kitini Jumatatu hadi Ijumaa. Inuka kila nusu saa, nyoosha mgongo, panda ngazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima atembee kwa kasi au afanye zoezi kama hilo kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na hakuna mkandaji atakayezitembea kwa niaba yako.

Kila mwezi mnachangia harusi za watu bila kunung'unika. Yaandikeni na mabega yenu katika daftari hilo la michango.