Methali na Swali

Kiseke ni kata ya Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza, mahali pa vilima na majabali, si mbali na Ziwa Viktoria. Nyumba zimeongezeka sana huko, na wakazi wake ni Wasukuma pamoja na watu wa makabila mengine waliofuata kazi na viwanja. Majirani wengi hawajuani kwa ukoo. Lakini msiba utokeapo hukutana chini ya turubai moja, na mchango hukusanywa. Mzee akiulizwa sababu, hujibu kwa methali: mtu ni watu. Je, methali hiyo ni falsafa?

Swali hili lina historia. Mwaka 1945 padri Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo, Placide Tempels, alitoa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu. Alishuhudia kuwa Mwafrika ana fikira zenye mpango, na ushuhuda huo ulikuwa jambo jema katika zama za dharau. Lakini falsafa aliyoieleza ilikuwa ya watu wote kwa jumla; hapana mtu mmoja ndani yake aliyesimama na kusema, "Sikubali." Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin aliipinga fikira hiyo: kabila halifikiri, hufikiri mtu, naye hudaiwa hoja kwa alichofikiri. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alishika njia nyingine. Aliwaendea wazee wa Kenya, akawatenga waliojua hekima ya jamii yao na kuisimulia vizuri, na wale walioijua kisha wakaipima. Hao wa pili aliwahesabu kuwa wanafalsafa, hata kama hawakupata elimu ya shule.

Yamkini tofauti hiyo yaonekana kuwa mchezo wa wasomi. Usukuma yafundisha kuwa si mchezo. Miongoni mwa watu wale wale wasemao mtu ni watu, wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi katika miaka ya 1970 na 1980, na hata baadaye, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Aghalabu wekundu ule ulitokana na moshi. Kuni zilikuwa haba, na mwanamke alipika miaka yake yote kwa mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, katika jiko lisilopitisha hewa. Alama iliyomhukumu ilikuwa alama ya utumishi wake: amewapikia watoto, amewapikia wajukuu. Tangu mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino nayo yaliitia aibu kanda ya ziwa, kwa imani kuwa viungo vyao huleta mali. Wauaji hawakuikana methali. Walimtoa tu mwenzao katika hesabu ya watu.

Hapa ndipo kazi ya falsafa ilipo. Methali yasema mtu ni watu. Falsafa huuliza: watu hao ni nani? Nani amehesabiwa, nani ameachwa, na kwa hoja gani? Sheria humwadhibu muuaji aghalabu baada ya damu kumwagika. Swali laweza kufika kabla. Wala haja hiyo si ya Afrika peke yake. Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 iliwachoma moto wanawake kwa tuhuma kama hiyo, nayo ilikuwa na vyuo vikuu na wanafalsafa wenye sifa. Basi kuwa na wanafalsafa hakutoshi. Swali lazima litoke chuoni na kufika jikoni, penye moshi.

Chini ya turubai la msiba Kiseke, kijana aliyesoma aweza kumheshimu mzee kwa njia mbili: kuirudia methali yake, au kumwuliza maana yake. Njia ya pili ni ngumu, kwa kuwa yataka adabu na ujasiri kwa pamoja. Lakini mzee mwenye hekima hachukizwi na swali. Huenda yeye mwenyewe ameliweka moyoni miaka mingi, akingoja mtu wa kuliuliza.