Wajane Waliosahauliwa Mezani

Katika siku za mwanzo za Kanisa, huko Yeruzalemu, palitokea manung'uniko kati ya waamini. Wale waliosema Kiyunani waliwalalamikia Waebrania, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku. Habari hiyo imo katika Matendo ya Mitume, sura ya 6. Mtakatifu Luka hakuificha, ingawa ni ya aibu.

Tazameni basi walivyofanya Mitume. Hawakuwakemea walionung'unika. Waliwakusanya wote, wakawaagiza wachague watu saba wenye hekima na sifa njema. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timone, Parmena na Nikolao. Majina hayo yote ni ya Kiyunani! Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi. Alikuwa mtu wa Antiokia aliyeongoka. Ndiyo kusema, ghala iliwekwa mikononi mwa watu wa upande ule uliopunjwa.

Katika nchi ya Irumu, ilimo Marabo, wanakaa Wabira, Wahema, Wangiti na wengine. Wamo wenyeji, wamo waliokimbia vita. Ituri inajua bei ya ukabila: tangu mwaka 1999 hadi 2003 maelfu ya watu waliuawa, na damu ilimwagika tena baadaye. Kwa hiyo jumuiya ya wakristu ikigawa maharagwe, si jambo dogo nani anapewa na nani anashika kipimo. Na Mbuti aletaye asali kutoka msituni, akiketishwa mlangoni na kunyweshwa kwa kibuyu cha peke yake, huyo ndiye mjane wa Yeruzalemu. Akiisha kubatizwa, yafaa naye achaguliwe kushika kipimo, wala si kupokea tu.

Wengine hudhani kwamba ili watu wawe kitu kimoja, kila mtu sharti atupe yote ya babu zake. Sivyo. Uchawi na kisasi hutupwa. Heshima kwa wazee haitupwi. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo. Mwanzoni mwa Misa hiyo, pamoja na Bikira Maria na watakatifu, huitwa pia mababu wenye moyo mnyofu. Mababu wa nani? Padri hataji kabila. Wa Mbira wamo, na wa Mbuti vilevile.

Tena katika Misa hiyo watu hupeana amani baada ya toba, kabla ya kupeleka vipaji altareni. Anayempita jirani yake bila kumpa mkono, kwa kuwa ni wa kabila lile, anafika mbele ya altare na kikapu chake cha mihogo, na mkono wake wa kuume ungali una deni.