Kiti cha Waziri na Dhamiri Yake

Uwaziri ni cheo cha kuazima. Mtu hupewa leo akaapishwa mbele ya watu, na kesho huvuliwa kwa tangazo la maneno machache. Kwa kuwa aliyetoa ndiye awezaye kutwaa, swali huzuka: je, ni wajibu wa waziri kumtii aliyempa kiti hata dhamiri yake inapokataa?

Swali hili si la kubuni. Lilimfikia Masinde Muliro, mzaliwa wa Matili upande wa Kimilili, si mbali na Lugulu yetu. Muliro aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Baadaye akawa waziri katika serikali ya Rais Jomo Kenyatta. Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na maiti yake ikaonekana Ngong. Bunge liliteua kamati ya uchunguzi, mwenyekiti wake Elijah Mwangale, naye mwana wa Bungoma. Ripoti ilipoletwa mwezi wa Juni, serikali haikupenda ikubaliwe. Muliro alipiga kura pamoja na walioikubali. Mawaziri wasaidizi wawili, Peter Kibisu na John Keen, walifanya vivyo hivyo. Ripoti ilipita kwa kura chache, na wote watatu wakafukuzwa serikalini.

Tusiwe wepesi wa kusifu kabla ya kuwasikiliza wanaomlaumu. Wao husema kwamba mawaziri ni mwili mmoja: hubishana faraghani, lakini wakitoka nje husema kwa kauli moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Asiyeweza kuitetea serikali na ajiuzulu kwanza, kama Oginga Odinga alivyouacha umakamu wa rais Aprili 1966, kisha aseme apendalo.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina mpaka wake. Kauli moja hufaa katika mambo ya rai: kodi ipande au ishuke, barabara ianze huku au kule. Katika hayo mtu muungwana aweza kushindwa na wenzake akanyamaza, na asipungukiwe na kitu. Damu ya mtu si rai. Tena waziri wa siku zile alikuwa mbunge pia: kiti kimoja alipewa na rais, kingine na wapiga kura, nao hawakumtuma Nairobi kuficha neno. Kujiuzulu kwanza kungalikuwa na adabu zaidi. Lakini upungufu wa adabu haugeuzi haki kuwa batili. Naye hakulalamika kwamba bei ilikuwa ghali, aliilipa.

Wako watakaouliza faida. Kura ile haikumfufua marehemu, wala hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale. Ni kweli. Lakini neno lililokubaliwa na Bunge haliwezi tena kuitwa uvumi wa sokoni. Ukweli ulioandikwa huweza kumngojea hakimu. Uliozikwa haumngojei mtu.

Tuna methali isemayo, mtumikie kafiri upate mradi wako. Wengi huifanya ngao: hubaki kitini wakisema wanawatafutia watu wao barabara na zahanati. Huenda wakazipata kweli, nasi tusizidharau. Lakini kila mwenye cheo na ajiulize mapema ni jambo gani hataliuza, kwa maana siku ya mtihani haina nafasi ya kufikiri. Asiyeweka mpaka wake mwenyewe atawekewa na hofu.

Chini ya Katiba ya 2010, waziri wa Kenya si mbunge tena, wala hapigi kura Bungeni. Rais humteua kwa idhini ya Bunge la Taifa, naye aweza kumwachisha. Umbo la mtihani limebadilika, mtihani wenyewe haukuondoka. Nao hauwangojei mawaziri peke yao. Kiranja anayeambiwa anyamaze mwenzake alipodhulumiwa, ili asivuliwe ukiranja, amekwisha kuufikia. Atakalochagua siku hiyo ndilo atakalozoea kuchagua.